Madaftari ya mvua ya Mzee Luhende

Modesta uko wapi? Nimefanya kitu kibaya mno. Niko kwenye kivuko narudi Mwanza.

Unayakumbuka yale madaftari? Nilipokosa takwimu za mvua za Sengerema kila mahali mtandaoni, Bibi Wilhelmina akanipa madaftari ya marehemu mumewe, Mzee Luhende. Mzee alipima mvua pale nyumbani kila asubuhi, miaka thelathini na moja.

Leo nimempelekea bibi nakala ya utafiti wangu, kumshukuru. Shikamoo, marahaba, hata sijakaa vizuri akasema, "Mjukuu wangu, macho yangu hayaoni tena. Shika kidole changu, kiweke pale palipo jina lake."

Modesta, jina halipo!! Na nilijua halipo. Niliogopa kuulizwa maswali kuhusu madaftari ya mtu binafsi, basi chini ya kila jedwali nikaandika "Chanzo: takwimu za mwandishi". Mwandishi ni mimi! Mimi ambaye hata tone moja sijawahi kupima.

"Kiweke basi," akarudia.

Nikakiweka kidole chake juu ya jina langu.

Akapapasa ukurasa polepole. "Kumbe ameandikwa kweli." Akalia. Na mimi nikalia, akawa ananibembeleza MIMI.

Nikataka kuondoka na ile nakala, akaikumbatia. Kesho Jumapili anampa katekista, asome jina la mzee mbele ya kanisa zima.