Klachi ya Baba Nekesa

Jumapili, jioni. Mvua imekuwa ikinyunya tangu tutoke kanisani na nguo za mtoto bado mbichi.

Nekesa mwanangu, salamu nyingi. Mimi mama yako niko, nashukuru Mungu. Baba yako anakusalimia, amesinzia kwa kiti na redio inaongea peke yake. Kukhu, nyanya yako, anakusalimia, anauliza huko Mombasa mnakula nini. Sifa mtoto wako anakusalimia, ameota jino na anang'ata kila mtu. Mama Rehema wa mlango wa pili anakusalimia, ametuletea mahamri. Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, ambao siwajui, salamu zenu pia.

Nekesa ndiye alinifungulia huu ukurasa wa mtandao, kwa sababu kazini kwake simu huwekwa kwa kabati mpaka zamu iishe, ndipo anasoma. Huwa namwandikia mambo ya nyumbani. Leo sina zuri.

Unajua mguu wa baba yako, Nekesa, ule wa kushoto. Umekuwa ukimsumbua tangu uende. Akishuka kwa lori lake jioni anashikilia mlango kwanza. Nimeukanda na maji ya chumvi, nimepaka mafuta, pasta ameuombea. Yeye anasema ni klachi. "Mama Nekesa, hiyo pedali ni ngumu, hata wewe ungechechemea." Nikaamini. Nilitaka sana kuamini.

Kwa sababu lori hutengenezwa.

Jana tukalipeleka kwa Fundi Juma, kule nyuma ya mtaa wa Tena. Nilienda na Sifa mgongoni, nione kwa macho yangu. Juma akajikunja chini ya usukani, miguu tu ndiyo inaonekana, akatoa vile vyuma vinavyounganisha pedali na klachi. Vimeshika kutu. Tundu la pini limelika mpaka limekuwa refu kama yai, na pini yenyewe imebaki nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Baba yako alikuwa ameifunga na kipande cha tyubu.

"Mathe, huyu mzee amekuwa akikanyaga hewa," Juma akasema.

Nilifurahi, Nekesa, mpaka nikacheka peke yangu. Juma akalijaza lile tundu kwa kuchomelea, akatoboa upya, akaweka pini mpya na grisi, halafu akaifungia na kapini kadogo ka kukunja ncha ili isichomoke. Akaniambia nijaribu. Nikapanda na gauni langu la kitenge, nikakanyaga. Ikashuka laini, ikarudi yenyewe.

Kisha baba yako akapanda.

Akakanyaga, haikushuka. Akashika suruali hapa kwa goti, akauinua mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya pedali kama mtu anapanga mzigo. Akakanyaga tena. Mguu ukatetemeka, ukateleza, ukaanguka kando.

"Mzee, umezoea ugumu!" Juma akacheka. Halafu akaona uso wake, akaanza kupangusa spana ambayo haikuwa chafu.

Si klachi.

Juma ndiye aliendesha lori mpaka hapa uwanjani. Tulipoingia nyumbani nikasema twende hospitali. "Wanilaze, halafu kazi ichukuliwe na nani?" akasema. "Jumatatu nabeba kokoto. Mguu utazoea." Mimi nikawaza ule mteremko wenye shule anaopitia na mzigo, na watoto wakivuka na mabegi yao.

Leo akioga nikachukua funguo na koleo, nikapanda lori. Nilikuwa nimemwangalia Juma vizuri. Nikanyoosha zile ncha, nikatoa kale kapini, na pini kubwa ikafuata. Pedali ikalala sakafuni. Hivyo lori halitoki mahali.

Pini iko ndani ya mkebe wa unga, chini kabisa. Kukhu amesema chai yangu inanuka gereji.

Kesho atachechemea mpaka kwa Juma, amtukane mbele ya watu, na Juma alitufanyia kazi safi. Sijui nitaangalia wapi. Na Juma akija hapa atajua mara moja kwamba pini haikuanguka. Nimelivunja lori la mume wangu kwa mkono wangu, na mguu wake bado ni ule ule. Nimezuia asubuhi moja tu. Ya pili nitaizuia na nini?

Baba yako hasomi hapa, ndio maana nasema yote. Mimi ananiita mwoga. Wewe anakusikiliza. Ukitoka zamu, hata kama umechoka namna gani, usinipigie mimi kuuliza Sifa amekula nini. Mpigie yeye. Mwambie hospitali, mwambie hutaweka simu chini mpaka akubali. Habari ya pini usimwambie, hiyo niachie mimi.

Tafadhali, Nekesa. Kabla hajavaa viatu kesho.