Daftari Ndani ya Mfuko

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Sisi tu wazima. Goti la mama limepoa, na fundi ameziba paa la jikoni ingawa bado linavuja palepale.

Binti yangu alifika salama kutoka kwako kwa likizo. Nilipofungua begi lake nilikuta daftari la hesabu limetiwa peke yake kwenye mfuko wa plastiki, jina lake juu kwa mwandiko wako. Nikamuuliza.

"Mfuko ni wa Mjomba. Darasani wanasema haya mabaka meupe ya mikono yangu yanaambukiza. Monita alikuwa analisukuma daftari langu kwa rula, wote wanacheka. Mjomba akaleta mfuko, kelele zikaisha."

Kelele zikaisha! Nimeyaandika hayo kwenye shajara, tarehe nne, kwa kinyaa. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba hayaambukizi. Wewe ndiye mwalimu wao, ukaona afadhali kufunga daftari la mtoto wa dada yako kama uchafu kuliko kuwakemea wanaomcheka.

Jana mchana alikuja mezani na sahani yake ndani ya mfuko. "Ili msipate shida, Mama." Chakula kilinishinda.

Shule inafunguliwa Jumatatu, naye hataki kurudi. Nitamleta mwenyewe. Utaliambia darasa alivyosema daktari, nami nimesimama mlangoni nikisikia. Kisha utagawa madaftari kwa mkono wako, na la kwake liwe wazi kama ya wenzake.

Ni mimi dada yako, ambaye bado sijamwambia mama haya.