Mchoro Mmoja kwa Mwoka Mikate

Shangazi yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote. Mama amepaka sebule rangi mpya, nami nimemaliza kubuni nembo na mifuko ya mwoka mikate wa sokoni.

Unaijua kanuni yangu: mteja namhoji hadi achoke, kisha namletea mchoro mmoja tu. Nikimpa mitatu, atakata kichwa cha huu akibandike kwenye kiwiliwili cha ule. Mwoka mikate alihamaki.

"Dada, hata viatu watu hujaribu pea tatu!"

"Hivyo vimeshashonwa, mzee wangu. Hiki nimekishona kwa kipimo cha mguu wako."

Akacheka, akaukubali.

Kuhusu Baba: tangu niache ajira ili nijitegemee, hanisemeshi zaidi ya kuitikia shikamoo, tena akitazama dirisha. Kwake, asiye na mwajiri hana kazi.

Jumamosi alikwenda kununua mkate. Mwoka mikate, ambaye hakumjua, ndiye aliyenisimulia. Baba aliugeuzageuza mfuko, akauliza umechorwa na nani.

"Binti mmoja, fundi kwelikweli, lakini mbishi! Nimemwomba michoro mitatu, kaninyima."

Baba akajinyoosha kama aliyeitwa jukwaani.

"Huyo ni mwanangu," akasema mbele ya foleni nzima. "Na ubishi huo kautoa kwangu."

Nyumbani bado hajaniambia neno, Shangazi, wala simhimizi. Nimekwisha kusikia.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.