Kaseti ya baba kwenye karamu ya ndoa yangu

Mujukuu wangu Neema,

Siye wa hapa Bigo tuko wazima, na mutoto wa dada yako ameanza kutembea. Umeniuliza namna gani tulituma sauti mbele telefone haijafika.

Niliolewa wakati wa vita. Baba yangu alikuwa Nia-Nia na barabara ilifungwa, basi akatuma kaseti kwa padri mumoja aliyepata ndege. Kwenye karamu kaka yangu akaitia mu radio. Baba akasema, "Jambo yenu wote." Halafu kimya. Tulizani kaseti imeharibika, lakini akaendelea, "Aksanti. Mumekula?" Kimya tena. Hapo wageni wakaelewa, wakamujibu pamoja, "Tumekula, muzee."

Mwisho akauliza, "Binti yangu, uko na furaha?" Nikakawia sana kujibu, na sauti yake haikurudi mpaka nikamaliza. Mpaka leo najiuliza alijua namna gani kuningojea muda wote ule.

Barabara ilipofunguliwa, alifika amekonda. Mbele ya kukaa akaniuliza, "Siku ile ulinijibu nini?"

"Nilisema ndiyo, baba."

Akaitika kwa kichwa, ndipo akaomba maji ya kunywa.

Nikikupigia telefone na kunyamaza kidogo, usikate. Nakungojea useme.

Koko yako