Tulivyotoka Fungate Haijaisha

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na umfikishie baba ya kwake. Goti lako limetulia? Ulicheza sana siku ya harusi, nikawa nakuonea huruma na wivu pamoja. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mimi mzima kupita kiasi. Nikimsikia mume wangu Idi akikohoa chumba cha pili, nafurahi tu kwamba yupo.

Nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa: tulitoka nje fungate haijaisha.

Juzi chuo kikuu kilimwita Idi akafundishe somo la majaribio kesho yake. Kazi yake unaijua, kupanga miti, bustani na njia za maji mjini. Asipokwenda, nafasi ya ualimu inachukuliwa na mwingine, naye anarudi Kigali kwenye mkataba wake wa kule, mimi nabaki na picha zake kwenye simu.

Shangazi yake, Bi Mwajuma, anayetuangalia fungate hii, alisimama mlangoni.

"Apana. Bwana harusi hatoki inje."

"Shangazi, ni kazi," Idi akamwambia.

"Mi nimesikia. Hatoki peke yake. Fungate ni ya watu wawili, si ya nyumba. Chukua bibi yako."

Basi nikaketi nyuma ya wanafunzi. Mama, alisimama pale na koti lake la harusi, akachora ubaoni Gatumba, ule mji wa kando ya mto, na mafuriko yalivyoingia majumbani. Akasema maji ni mgeni. Usipomtandikia mkeka wake, atapanda kitandani kwako. Ndiyo maana anataka kando ya mto paachiwe majani na miti. Na mimi nilidhani nimeolewa na mtu wa maua. Nikaona bado simjui, na nina maisha mazima ya kumjua.

Alipomaliza, mkuu wa kitivo, mama mmoja wa sauti nzito, akatazama kidole cha Idi.

"Hii nini, mwalimu? Wino?"

"Hina, Madamu. Niko kwa fungate."

Akanitafuta kwa macho, nikaficha mikono.

"Na bibi harusi umemuleta darasani? Rudi nyumbani, umalize. Kazi utaanza kiisha fungate."

Shangazi alitufungulia akauliza neno moja tu: "Wamemuchukua?" Nikaitikia. Akatusukuma ndani, akafunga mlango kwa nje.

Msalimie kaka Rashidi, na somo wangu aliyenifunda. Mwambie hili hakunifundisha. Usinikasirikie, mama.

Mwanao, mke wa mwalimu,
Zuhura