Kengele Zote Zilipolia Juu ya Milima ya Nandi

Mpendwa Kapteni,

Tulikuzika Wang'uru, na wiki nzima nimekuwa nikiongea na wewe kichwani. Leo nimeona afadhali niandike, nikiwa hapa kwetu Giakanja, mama akiwa ameenda kanisani na nyumba iko kimya.

Wengi waliosimama kwenye mazishi walisema hukuwahi kuogopa. Mimi najua ulivyoniambia.

Unakumbuka asubuhi ile tulipotoka Kisumu. Mvua ilikuwa imekatika, abiria walikuwa wamejaa, nami ndiye niliyekuwa nikiendesha, wewe ukiwa kiti cha kushoto, kile cha kapteni. Tuliingia mawinguni tukiwa bado tunapanda. Ghafla usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, jinsi unavyotetemeka kumwonya rubani kwamba ndege inaishiwa na mwendo na itaanguka. Kengele ikalia. Kabla sijaielewa ikalia nyingine, kisha taa nyekundu, kisha ile sauti ya mashine ikaanza kurudia neno lile lile bila kupumua. Mwongoza ndege naye akawa anatuita kwenye redio. Kipima mwendo cha upande wangu kilikuwa kinashuka.

Nikafanya nilivyofundishwa. Nikaanza kusukuma pua ya ndege chini ili ipate mwendo, na huko chini ya wingu kulikuwa na milima.

Uliweka mkono wako juu ya wangu. Hukupiga kelele, ila ulisema kwa nguvu kiasi cha kusikika.

"Nyambura, niachie. Ndege iko sawa. Hiyo inalia uongo."

Nikakuachia. Ukaniambia nikusomee mwendo wa upande wako, halafu ule wa kipima mwendo kidogo cha katikati, kisha nirudie tena. Nikasoma. Vyote viwili vilikubaliana. Cha kwangu peke yake ndicho kilichokuwa kimepotoka. Ulimwacha yule wa redio asubiri mpaka ndege ilipotulia, kisha ukamjibu kwa upole kama mtu aliyechelewa kushika simu. Tukarudi Kisumu, kengele zikilia njia nzima, hata ikabidi tuzungumze kwa kuinamiana. Zilinyamaza magurudumu yalipogusa ardhi. Abiria mmoja alilalamika mlangoni kwamba amekosa mkutano, ukamwomba msamaha.

Mafundi walipata kifaa kimoja kidogo ubavuni mwa ndege, upande wangu, kimeharibika. Hicho kimoja kilikuwa kimezidanganya kengele zote, nazo zikalia kwa nia njema.

Kwenye kikao cha uchunguzi waliniuliza kwa nini nilisukuma pua chini. Wewe ndiye uliyejibu.

"Alifanya vile kengele ilimwambia," ulisema. "Sisi ndio tulimfundisha aitii. Mkimwandikia lawama, na mimi mniandikie."

Ukawaeleza kwamba hujawahi kufanya mazoezi ambamo kila kitu kinalia kwa pamoja. Siku zote ni kengele moja, na siku zote ni ya kweli. Ukawauliza mtu atawezaje kufikiria katikati ya kelele asiyowahi kuionja. Hakuna aliyebisha, lakini pia hakuna aliyeahidi kitu.

Mimi nilirudi nyumbani nikisema ni mapumziko. Ukweli ni kwamba simu ikilia nilikuwa nashtuka hadi kikombe kinanimwagikia. Mama alidhani nimekataliwa na mchumba. Nilipomsimulia aliniuliza, "Ati hiyo ndege ilikuwa inawadanganya?" Kisha akaanza kuniombea kwa sauti mpaka nikaona haya.

Ndipo ukaja, bila kutuma habari, na gunia dogo la mchele wa kwenu Mwea begani. Mama alikupikia huo huo. Ulikula, ukausifu mchele wako mwenyewe, tukacheka. Mlipomaliza kuongea habari za mvua na ng'ombe, ulinigeukia.

"Siku hiyo miguu yangu ilikuwa inatetemeka," ulisema. "Hukuona kwa sababu ulikuwa unanisomea mwendo. Kama hungesoma, sijui. Sasa ukiacha kazi kwa sababu huitaki, ni sawa. Lakini usiache ati kwa sababu wewe ni rubani mbaya."

Hapo nililia, mama akajifanya anatoa vyombo.

Nikarudi kazini. Miezi ikapita kabla wale wa kikao hawajakubali ulichowaeleza. Ulizidi kuwaandikia mpaka mazoezi yakabadilishwa. Wa kwanza kuingia kwenye chumba cha mazoezi chenye ndege ya bandia tulikuwa mimi na wewe. Mwalimu aliziwasha kengele zote. Mara ya kwanza tuliiangusha ndege ile ya bandia, na ukaniambia afadhali imeanguka hapa. Tukarudia mpaka jasho likakauka.

Ulipougua ukalazwa hospitali huko Nyeri, nilikuja kila nilipopata nafasi. Mashine iliyokuwa kando ya kitanda chako haikuacha kulia. Muuguzi akawa anakuja, anaibonyeza, anaenda kwa mgonjwa mwingine ambaye yake pia inalia. Ulimwonea huruma. Ulimwambia aketi kidogo, ati wewe utamwita kama kuna shida ya kweli. Alicheka, akaketi.

Kapteni, sikuwahi kukushukuru vizuri. Nilidhani kuna muda.

Kuna habari hukuipata. Jumatatu nitaketi kiti cha kushoto kwa mara ya kwanza. Mama ameshawaambia watu wote sokoni. Mimi usingizi hauji, na sitajifanya kuwa jasiri. Kabla hatujawasha injini nitamwambia atakayeketi kulia kwamba mimi huogopa, na kwamba akiona nakosea anizuie, asinionee haya kwa sababu ya cheo. Nikishamwambia hivyo, tutaruka.

Pumzika, mzee wangu. Huku tutaangalia sisi.

Ni mimi, rubani wako msaidizi,
Nyambura