Hippolyte na Pindo la Gauni Langu

Wamaza, Teritware ya Kabambare
Tarehe 11 Agosti 1929

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Émérance,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Jean-Marie na mtoto wenu. Habari za Albertville? Kile kikohozi cha shemeji kimepoa, au bado anabishana nacho kila akitoka kazini kwenye reli? Mtoto ameanza kutembea?

Huku kwetu sote tu wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa sita anausahau na kuanza kugombana na kila mtu, kwa hiyo ujue hajambo. Baba anakusalimu. Kiangazi mwaka huu ni kikavu kweli kweli. Tumemaliza kuchuma pamba ya lazima ya serikali, ya Bula Matari, na vidole vyangu bado vina mikwaruzo, ndiyo maana mwandiko unayumba. Usiseme masista walinifundisha bure.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Niliisoma mara mbili, nikaificha chini ya mkeka, nikakukasirikia wiki nzima. Uliniambia nimsahau Hippolyte. Ulisema msichana wa miaka kumi na minane hawezi kukaa akimngoja mchumba aliyechukuliwa na malale, ugonjwa wa usingizi, na kwamba huko kuna karani wa reli, rafiki wa shemeji, mtu mpole anayevaa viatu kila siku. Najua ulisema kwa kunipenda. Hasira imekwisha. Leo nina furaha hata siwezi kutulia kitini, lakini nitakueleza kwa utaratibu, nawe usiruke mistari kama ilivyo kawaida yako.

Kwanza kuna jambo nililokuficha. Unajua mtu haruhusiwi kutoka teritware, yaani wilaya yake, bila karatasi yenye muhuri wa waganga wa malale. Mwaka jana mimi na Hippolyte tulitaka kwenda Nyangwe, nikamwonyeshe kwa wajomba kabla ya ndoa. Basi waganga wakaja kupapasa watu shingo wakitafuta matezi ya malale, na vijana wengi wakakimbilia msituni. Hippolyte naye akaenda kujificha. Siku hizo alikuwa akisinzia kwenye cherehani, sindano imesimama katikati ya nguo, nami nilimcheka nikisema mzee Assumani, bwana wake wa kazi, amemfundisha uvivu badala ya ushonaji.

Ni mimi niliyemfuata msituni, Yaya. Nilimvuta kwa shati mpaka kwenye mstari ili apate muhuri. Mganga akampapasa shingo, akamwita mwenzake naye akapapasa. Wakamwandika namba kifuani kwa rangi, na kabla ya saa sita alikuwa kwenye kundi la kupelekwa lazareti, hospitali ya kuwatenga wagonjwa. Yeye hakulia. Nililia mimi, na sikumwambia mtu yeyote kwamba ni mimi niliyemtoa msituni.

Miezi kumi na minne hatukumwona. Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Nilikuwa nikipeleka kikapu cha mihogo hadi langoni, mlinzi anakipokea, nami narudi nyumbani bila kujua kama ni Hippolyte aliyekula au ni mlinzi.

Mwezi wa sita wakamwachia. Alirudi amenenepa mashavu, anatembea vizuri, na macho yake ni mazima, namshukuru Mungu, kwa sababu wengine zile sindano za dawa ya malale huwapofusha. Lakini alitutazama kama mtu anavyowatazama wapita njia. Shingoni alikuwa na kibati chenye namba. Ukiitaja ile namba anageuka upesi. Ukimwita Hippolyte anachelewa kuitika. Nyanya Louise aliyemlea tangu mama yake afariki, yule aliyemtafunia chakula akiwa mtoto, Hippolyte alimuuliza hivi: «Mama, weye unatoka kijiji gani?» Nyanya aliingia ndani, hakutoka siku nzima. Mimi alinisalimu kwa adabu, «Jambo, mama.» Mama! Sasa nacheka, siku ile sikucheka hata kidogo.

Wazee wakakaa. Wajomba wa Hippolyte wakasema mahari yalikwisha kuliwa zamani, ila haifai kumwoza mtu mwanamke asiyemjua. Hapo Nyanya Louise akaikumbuka ile desturi yetu ya siku ya kumchukua bibi arusi. Unaikumbuka, ulifanyiwa na wewe: wasichana wanakaa mstari mmoja wamefunikwa nguo, na mwanamume amtambue wa kwake, akikosea anachekwa mpaka uzeeni. Nyanya akasema safari hii wakae nyuso wazi. Kama moyo wake unamjua Pascaline, utamwendea. Akimchagua mwingine wa nyumba ile ile, basi awe huyo, nyumba ni moja. Alikuwa na maana ya Léocadie, mdogo wangu. Unajua kwetu ndugu hukaa mahali pa ndugu yake na hakuna anayeshangaa.

Halafu, ili asimpendelee mtu, Nyanya akatuamuru tubadilishane nguo. Alisema, «Achague mutu, hapana nguo.» Sote tukaona ni haki tupu. Nikampa Léocadie gauni langu la buluu, lile alilonishonea Hippolyte Pasaka ya mwaka jana, nami nikavaa la kwake linalobana kwapani.

Tulikaa wasichana watano. Hippolyte akaanzia mwisho wa mstari. Alipofika kwangu alinitazama, akatabasamu kama mtu anayempisha mwenzake njiani, akapita. Akafika kwa Léocadie, akasimama. Akainama kidogo. Akakaa vile hata watoto wakaanza kucheka. Ndipo aliposema, «Huyu.»

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakujua alie au apige vigelegele, akafanya vyote viwili. Nilijiambia ndiyo adhabu yangu, aliyemvuta mtu kwa shati mpaka lazareti hana haki ya kumdai. Nikaenda kutwanga mihogo iliyokwisha kutwangwa.

Aliyeniokoa ni Léocadie. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya Baba, mikono kiunoni, akasema, «Baba, mimi hapana. Ule mutu hakuniangalia sura hata kidogo. Aliangalia tu miguu yangu.» Baba akajifunika uso. Nyanya Louise, aliyekuja kupanga siku ya ndoa, akafoka kwamba mjukuu wake si mtu wa aibu. Léocadie hakurudi nyuma. «Basi kama hapana miguu, alikuwa anaangalia nini kule chini?» Akanigeukia. Tukatazamana, kisha sote wawili tukalitazama lile gauni lililokuwa limekunjwa juu ya kiti.

Unamjua Léocadie, hangoji kikao. Alilifua gauni, akalianika kwenye ua wa Nyanya Louise, tupu, bila mtu ndani yake. Sisi tukajificha nyuma ya jiko. Hippolyte akatoka na sahani yake ya mihogo. Alipoliona aliweka sahani chini, kuku wakaishambulia, wala hakujali. Alikwenda moja kwa moja kwenye pindo, akaligeuza, akaanza kuupapasa uzi kwa kidole gumba. Yeye hushona kwa mkono wa kushoto na mishono yake inalala upande wake peke yake, mzee Assumani alijaribu miaka miwili kumnyoosha akashindwa. Akaita kwa sauti, «Mwenye hii nguo iko wapi?»

Nikatoka nyuma ya jiko. Nikasema, «Ni mimi.»

Alinitazama sana. Akatazama pindo. Akanitazama tena. «Hii pindo niliifungua mara mbili,» akasema. «Ulinisumbua sana. Ulisema iko fupi, masista watakufukuza.»

Ni kweli, Yaya! Ni kweli kabisa, nilimsumbua juu ya lile pindo hata akanitishia mkasi, na hakuna aliyekuwapo ila sisi wawili. Nilikaa chini palepale mavumbini nikalia kwa furaha. Nyanya Louise alitoka mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Alipoelewa alijipiga paja, akasema ni yeye mwenyewe aliyemficha bibi arusi kwa akili zake nyingi.

Usidhani yote yamerudi. Siku tuliyojuana haikumbuki. Kifo cha mama yake tulimweleza upya, akakililia upya, na hiyo ilikuwa siku ngumu. Sasa Hippolyte anamjua Nyanya Louise, lakini sijui ni kwa kukumbuka au ni kwa kuzoea, na Nyanya amesema yeye hataki kujua. Mzee Assumani amemrudishia cherehani yake pale barazani sokoni. Kila alasiri naenda kukaa naye, namweleza jambo moja la zamani. Nimemwambia kwamba sombe yangu, mboga ya majani ya mihogo, aliipenda tangu siku ya kwanza. Ni uongo, lakini nani atakayenibishia? Huo Mungu atanisamehe.

La msituni sikuweza kulidanganya. Nilikwisha kumuuliza André, yule mganga msaidizi anayekuja kuwachoma waliotoka lazareti sindano za mwisho, akaniambia kwamba kama Hippolyte angejificha miezi miwili zaidi tungemzika. Nilimwomba aliseme mara ya pili, akalisema. Hata hivyo moyo haukutulia, maana mimi siku ile sikuwa na habari ya kumponya mtu, nilitaka muhuri tu. Basi Jumapili iliyopita baada ya misa nikamweleza Hippolyte yote, jinsi nilivyomfuata, jinsi nilivyomvuta.

Nilimaliza nikitazama vidole vyangu. Kisha akauliza, «Shati ilipasuka?»

Nikasema ndiyo, ilipasuka kidogo hapa begani.

«Basi ndiyo ile,» akasema. «Kule lazareti kila siku nilikuwa nashona bega ya shati. Nikimaliza, nafungua, naanza tena. Wenzangu walisema niko mwendawazimu. Sikujua nani aliipasua, lakini sikutaka ile kazi iishe.»

Tangu Jumapili ile nalala usingizi wangu wote.

Ndoa ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, mvua zikianza au zisianze. Tutafunikwa kama ilivyo desturi, na Nyanya Louise ameapa kunifunika mpaka vidole vya miguu. Hippolyte ananinong'oneza nitoe pindo nje kidogo. Mwombe shemeji aiulizie karatasi yako mapema, muhuri usije ukakukwamisha huko, kwa sababu bila wewe sikai kwenye ule mstari.

Yule karani umwambie ninamtakia heri, atafute mwingine. Ila Léocadie amekwisha kuniuliza mara tatu viatu vyake ni vya rangi gani.

Ndani ya bahasha utakuta uzi. Hippolyte anataka kukushonea gauni la kuvaa kwenye arusi yetu. Simama wima, shemeji akupime: fundo la kwanza begani, la pili kiunoni, la tatu kwenye kifundo cha mguu, kisha uurudishe uzi upesi.

Nisalimie sana shemeji Jean-Marie, mbusu mtoto mashavu yote mawili, na umsalimie mama Cécilia jirani yako aliyekusomea barua zangu ulipokuwa unaumwa macho. Mama, Baba, Léocadie na Nyanya Louise wanakusalimu. Mungu akulindie nyumba yako, na kila unayempenda akukute ukimjua naye akikujua.

Wako akupendaye, asiyekusahau hata alipokukasirikia,

Mdogo wako Pascaline

Nyuma ya barua: Hippolyte amekuja wakati nafunga bahasha, akauliza uzi huu ni wa gauni la nani. Nikamjibu, ni la yaya wangu Émérance, yule aliyeniambia nikusahau. Akafikiri kidogo, akasema, «Hata yeye tumushonee tu. Lakini afunge fundo vizuri, asikuje kusema iko fupi.»